Taler ya Liechtenstein ya 1778, nitaijuaje ya kweli?

mpenda_riyali (Wete)
Asalam aleikum. Mie nakusanya sarafu za zamani, nna pesa za mizani za Seyyid Barghash za 1299 Hijria na riyali mbili za Maria Theresa, malkia wa Austria, alizoniachia bibi, sasa roho imeangukia taler, sarafu kubwa za fedha, za kinchi cha Ulaya cha Liechtenstein, za watawala wake, ya Joseph Wenzel ya 1758 na ya Franz Joseph wa kwanza ya 1778. Kuna mtu mtandaoni anauza hiyo ya 1778, inang'aa, bei rahisi mno, anasema ina gramu 24. Ninunue?

binti_sonara
Waleikum salam kaka. Iwache! Taler zile zilipigwa kwa kipimo kimoja na riyali zako, gramu 28 na kitu, fedha safi ndani yake 23 na ushei ilobaki shaba. Sarafu ikilika inapungua kidogo lakini si gramu nne. Baba akiletewa riyali anaanza na mzani kisha anaigeuza ubavu kwa lenzi, ya bandia ilomiminwa kwenye kalibu utaona mstari mwembamba umezunguka ubavuni na vitundu usoni kama mkate wa kumimina, herufi butu. Ya kupigwa herufi zake kali.

Shangani77
Binti kasema kweli. Na tena zile ni adimu kwelikweli, Liechtenstein imekuwa nchi ya kifalme toka 1719 lakini haikuwa na kiwanda chake cha sarafu, ikapigisha Vienna, na baada ya 1778 hawakupiga tena mpaka 1862. Maria Theresa mambo mengine, zile za biashara zote zimeandikwa 1780 mwaka aliofariki na wakaendelea kuzipiga miaka na miaka, ndo maana zikajaa huku kwetu enzi za biashara ya karafuu na pembe. Ushauri wangu anza na kroiza 20 ya 1778, sarafu ya fedha ya mtawala yule yule, ndogo tu. Na chochote utakachopata usikisugue kwa ndimu na majivu jamani, weusi ule wa zamani ndo wanaoutaka wakusanyaji!

mpenda_riyali
Ahsanteni sana, nishamwambia muuzaji sitaki. Sasa riyali moja ya bibi imetiwa kikuku cha kuvalia mkufu, juu ya kichwa cha malkia, nikitoe?

binti_sonara
Usikitoe kaka, ulehemu ukiyayushwa unaacha kovu na bei inazidi kushuka. Ivalishe mkeo Idi, ile nyengine ndo ya kuweka.