Vipande virefu vya filamu au hadithi inayochezwa: ni njia ipi inayosimulia vizuri zaidi katika gemu?

Mwambao77 (mwanzisha mada)

Salaam kwenu wapenzi wa gemu. Naomba tulinganishe njia mbili za kusimulia hadithi katika michezo ya video, nami natahadharisha mapema kwamba tutafichua miisho ya gemu kadhaa, kwa kuwa haiwezekani kuzijadili bila kufanya hivyo.

Njia ya kwanza ni ya vipande vya filamu, ambapo mchezaji huweka pedi chini na kutazama. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Metal Gear Solid 4 ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Hideo Kojima, ambayo sehemu yake ya kufungia hadithi peke yake hutazamwa kwa zaidi ya saa moja. Njia ya pili ni ile ya Half-Life ya mwaka 1998, ambapo kampuni ya Valve ilikataa kabisa kumtoa mchezaji ndani ya macho ya mhusika mkuu, Gordon Freeman: tangu behewa linapomwingiza katika maabara ya Black Mesa, kila linalotokea hutokea mbele yake huku akiwa na uhuru wa kugeuza shingo na kutazama anakotaka.

Mimi naegemea njia ya pili. Anayetaka filamu anaweza kutazama filamu, na gemu inayonisimamisha kila baada ya muda ili inionyeshe mambo makubwa yakifanywa bila mimi inanipa kazi ya kutembea kutoka onyesho moja hadi jingine.

Memori_Kadi

Mkuu, nadhani umeihukumu njia ya kwanza kwa kuangalia urefu wake tu. Kipande cha filamu kina uwezo ambao mchezaji mwenye uhuru wa kugeuza shingo hawezi kuupata, nao ni kumlazimisha atazame uso fulani, kwa umbali fulani, kwa muda ule ule ambao mwongozaji ameukusudia. Katika Final Fantasy VII ya mwaka 1997, kifo cha Aerith, mmoja wa wenzake mhusika mkuu, kimebaki katika kumbukumbu za kizazi kizima cha wachezaji kwa sababu adui yao Sephiroth anashuka na upanga wake na wewe huna la kufanya. Ungekuwa na uhuru wa kukimbia huku na huku wakati ule, ungeweza kuwa umegeukia ukutani.

Tena tutenganishe urefu na kulazimishwa. Metal Gear Solid 4 inakuruhusu kusimamisha kipande na hata kukiruka. Lawama inayostahili naiweka kwa Final Fantasy X katika toleo lake la mwaka 2001, ambapo vipande haviwezi kurukwa, na mchezaji anayeshindwa na Yunalesca, mmoja wa maadui wakubwa, hulazimika kusikiliza tena mazungumzo yale yale marefu kabla ya kurudi vitani.

PediYaPili

Ninyi wawili mnazungumza kana kwamba kuna hali mbili tu, yaani kutazama au kuwa huru. Naona kuna jambo la tatu, na ndilo lililozaa matukio mazito kuliko yote katika sanaa hii: kumfanya mchezaji ashiriki kwa mkono wake katika tendo ambalo hana uwezo wa kulibadilisha.

Tuanze na hiyo hiyo Metal Gear Solid 4 inayotuhumiwa kuwa filamu. Waulize walioimaliza wanakumbuka nini zaidi, na wengi watakutajia ujia wa mionzi. Snake, mhusika mkuu ambaye mwili wake umezeeka kabla ya wakati, anapaswa kupita katika ujia unaomuunguza kwa mionzi ya mikrowevu. Kioo kinagawanyika: upande mmoja wenzake wanapambana, upande mwingine yeye anatambaa, na mchezaji anabonyeza kitufe cha pembetatu mfululizo mpaka kidole gumba kinauma. Hadithi haina tawi lolote pale, wala hakuna njia ya kuuzunguka ujia ule. Hata hivyo kipande hicho kingekuwa filamu tupu, uchovu wa Snake tungeuelewa bila kuuonja.

Miaka minne kabla ya hapo, katika Metal Gear Solid 3, Kojima alikuwa ameshalifanya jambo hilo kwa ukatili zaidi. The Boss, aliyemlea Snake katika fani ya vita, amelala katika uwanja wa maua meupe baada ya kushindwa. Snake anamwelekezea bunduki, kisha filamu inasimama na kusubiri, kwa sababu risasi ile haitoki mpaka wewe ubonyeze kitufe. Kisheria, tuseme hivyo, mwuaji si Kojima tena.

Na kama mnataka mfano usio wa Kojima, upo Brothers: A Tale of Two Sons ya mwaka 2013. Kijiti cha kushoto cha pedi kinamwongoza kaka mkubwa na cha kulia mdogo wake, na kila mmoja ana kitufe chake upande wake. Mdogo anaogopa maji, kwa hiyo siku zote huvuka akiwa amemshika kaka yake. Karibu na mwisho kaka amekwisha kufa, mdogo anafika mtoni peke yake, na kitufe chake hakimsaidii kitu. Inabidi mchezaji abonyeze kitufe cha marehemu ndipo mtoto aogelee. Sijui filamu ingelisema hilo kwa njia gani, maana halisemwi na picha wala maneno, linasemwa na mkono wa kushoto.

Kimya_Kimya

Kuhusu Half-Life, naomba tusidanganyike sana. Katika Half-Life 2 unafungiwa ndani ya maabara ya Dakta Kleiner mpaka wanasayansi wamalize kuzungumza, nawe unaruka juu ya meza kwa kukosa kazi. Hicho nacho ni kipande cha filamu, ila mtazamaji ameachiwa miguu.

Kibandani

Nataka kuongeza mambo mawili ambayo hayatajwi mara nyingi. La kwanza ni muda. Wengi wetu tulianza kucheza vibandani, ambako unalipia mechi au dakika, na huko hakuna anayekubali fedha yake iishie kutazama. Ndiyo maana gemu za mpira na za ngumi zilitawala, na hizi za hadithi ndefu tulizijua baadaye, tulipopata mashine nyumbani au kwa rafiki.

La pili ni lugha, na hapa namuunga mkono Memori_Kadi kuliko nilivyotarajia. Chukueni The Walking Dead ya kampuni ya Telltale ya mwaka 2012. Inakupa majibu manne kwa Kiingereza, chini yake mstari wa muda unapungua, na ukichelewa inahesabu kwamba umenyamaza. Kwa msomaji asiye mwepesi wa Kiingereza, uhuru huo wa kuchagua hugeuka mtihani wa kusoma haraka. Kipande cha filamu chenye uigizaji mzuri walau kinakuachia sura na sauti, nawe unafuata kisa hata kama maneno mengine yamekupita.

Mwambao77

Hoja ya lugha sikuwa nimeifikiria. Lakini PediYaPili, je, chaguo la kweli halina nafasi katika hesabu yako? Heavy Rain ya mwaka 2010 inaruhusu wahusika wake wakuu wafe na hadithi ikaendelea bila wao.

PediYaPili

Lina nafasi, ila ni ghali, na mara nyingi huwa ni la kujifanya. Katika The Walking Dead unachagua kumwokoa mmoja kati ya wenzako wawili, Doug au Carley. Yeyote utakayemwokoa, mwenzao Lilly anampiga risasi katika sehemu ya tatu. Heavy Rain na Detroit: Become Human ya mwaka 2018 ni waaminifu zaidi, japokuwa Detroit, kwa kukuonyesha mchoro wa matawi kila sura inapokwisha, inakufanya uanze kuwinda matawi na kuwasahau watu.

Nampa pia Memori_Kadi haki yake kwa mfano mmoja. Katika BioShock ya mwaka 2007, wakati wa kifo cha Andrew Ryan, mtawala wa jiji la hadithi hiyo, gemu inakunyang'anya pedi makusudi, kwa kuwa ndipo mhusika anapogundua kwamba tangu mwanzo alikuwa akitii amri bila kujua. Pale kipande cha filamu kinastahili kabisa, maana kunyang'anywa uwezo ndiyo hadithi yenyewe.

Mwambao77

Basi kwa mtu ambaye hajacheza hata moja kati ya hizo za kushiriki kwa mkono wake, aanze na ipi?

PediYaPili

Aanze na Brothers, ambayo ilitolewa upya mwaka 2024. Ni fupi, na hoja ya ndugu yetu wa kibandani haiigusi, kwa sababu wahusika wake wanazungumza lugha ya kubuni ambayo mchezaji yeyote, wa Tanga au wa Stockholm, anaisikia kwa mara ya kwanza. Linalonifurahisha zaidi ni kwamba Josef Fares aliyeiongoza alikuwa mwongozaji wa filamu nchini Sweden kabla ya kuingia katika gemu. Atafute pedi tu, kibodi haifai kwa mchezo huo.