Stabilaiza nene ya nyuma kwenye Forester SG5: kufunga nyumbani

SG5_Iringa
Wakuu, salaam. Nina Forester SG5 ya 2005, injini ya 2.0 isiyo na turbo, gia otomatiki. Shokapu na springi za nyuma ni nzima, tairi pia. Tatizo ni kona: pale mlima Kitonga gari inalala sana, na nikikata usukani pua inachelewa kuingia, inasukuma kwenda nje. Nimepata stabilaiza ya nyuma (fimbo inayopunguza gari kulala kwenye kona) ya mm 20, matundu mawili ya linki kila upande, pamoja na bushi za poliyurethani (raba ngumu zinazoizunguka fimbo) na pakiti ya grisi yake. Iliyopo nimeipima kwa kalipa, ni mm 16. Nina soketi za 12, 14 na 17, spana ya torki, na jeki ya kwenye buti. Je, inafungika nyumbani bila shimo la gereji? Nianze na tundu lipi? Na kuna anayesisitiza nichukue ya mm 22 kabisa, eti 20 sitaona tofauti.

Bushi_na_Boli
Mkuu, inafungika, na hugusi breki wala difu. Ila jeki ya buti ni ya kubadilishia tairi tu. Usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki hiyo peke yake. Tafuta stendi mbili za chuma na jeki ya magurudumu, hata za kuazima. Matofali usiyafikirie, yanapasuka bila kukupa taarifa.

Tofauti utaiona. Ugumu wa fimbo ya duara katika kujisokota hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, mradi urefu na umbo la mikono havibadiliki sana. Kutoka mm 16 kwenda 20 ni kama mara 2.4. Kwenda 22 ni kama mara 3.6. Hizo mm mbili za mwisho zinaongeza mzigo mkubwa kuliko zinavyoonekana kwenye kalipa, kwa hiyo kaa kwenye 20.

Kazi yenyewe ifanye kwenye sakafu ya zege, eksozi ikiwa imepoa. Usiku wa kuamkia kazi puliza dawa ya kutu kwenye boli zote, na kabla ya kuzigusa zipige brashi ya waya. Weka kabari magurudumu yote mawili ya mbele, mbele na nyuma ya kila tairi: handibreki ya gari hii inashika magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo yatakuwa hewani. Weka P lakini usiitegemee P peke yake. Nyanyua kwa difu ya nyuma, kisha shusha gari juu ya stendi kwenye sehemu za kunyanyulia za pembeni, kulia na kushoto kwa kimo kimoja.

Hapo kwenye kimo kimoja ndipo wengi wanakwama. Ukinyanyua upande mmoja tu, stabilaiza inakuwa imejisokota. Boli la linki (kile kiungo kifupi kinachounganisha ncha ya fimbo na upande wa gurudumu) likitoka, mkono wa fimbo unaruka na unaweza kukupiga, halafu ile mpya haitaki kukutana na tundu lake. Watu wanaanza kupiga nyundo, kumbe kosa ni jeki. Magurudumu yote mawili yakining'inia sawasawa, boli la linki linatakiwa kuingia kwa vidole.

Piga picha kabla ya kufungua, hasa mikono inakopinda na mpasuko wa bushi unakoelekea. Tumia soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili inakula vichwa vya boli zenye kutu. Fungua linki zote mbili kwanza, brakti (vishikio vya chuma vinavyobana bushi kwenye gari) baadaye. Fimbo itoe kwa upande. Ikigoma kupita juu ya eksozi, vua raba mbili za nyuma za kuning'inizia eksozi na uitegemeze kwa kipande cha mbao, isivute maungio.

Grisi paka ndani ya bushi, eneo lote linalogusa fimbo, na utando mwembamba nje inapokaa brakti. Rudisha boli zote kwa mkono kwanza. Sogeza fimbo hadi nafasi ya kulia na kushoto zilingane, ndipo ukaze brakti. Linki zikiwa bado hazijafungwa, nyanyua mkono wa fimbo kisha uachie: ushuke wenyewe au kwa kusukumwa kidogo. Ukikwama kabisa, bushi ni ndogo kuliko fimbo au imekaa vibaya. Usiikaze zaidi ukitumaini italegea barabarani.

Torki: boli za M8 za brakti ni kama Nm 25, na za M10 za linki kama Nm 45. Kijitabu cha stabilaiza yako kikitaja namba nyingine, fuata kijitabu.

Lushoto_AWD
Naongezea kuhusu brakti, kwa sababu ndiyo sehemu dhaifu ya Subaru za kizazi hiki. Zile za kiwandani zinazoshika stabilaiza ya nyuma ni bati lililokunjwa, na zilipigiwa hesabu ya fimbo nyembamba. Kwenye mm 22 zinapinda, zinapasuka kwenye kona ya mkunjo, mwisho zinakatika. Ndiyo maana Whiteline wa Australia wanauza brakti nene kwa ajili ya gari hizi. Anayekushauri 22 aanze kwa kukuuliza kuhusu brakti. Hata kwa 20, zisafishe na uziangalie kwa tochi: ukiona ufa mwembamba wa kutu kando ya tundu la boli, badilisha kabla ya kufunga fimbo mpya.

Na tuwe wa kweli kuhusu barabara. Stabilaiza inaunganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Kwenye lami hilo ni faida. Kwenye vumbi lenye mashimo, gurudumu moja likipiga shimo, jingine linasikia. Gari itatikisika kulia na kushoto zaidi ya sasa, na kwenye mitaro ya kukatiza gurudumu la nyuma litanyanyuka mapema. Kama nusu ya safari zako ni vumbi, tundu laini ndilo makao yako ya kudumu.

SG5_Iringa
Nashukuru sana, wakuu. Lami ni kama robo tatu ya matumizi yangu. Stendi nimeshapata. Tundu laini ni lipi, la mwisho wa mkono au la ndani? Na nikitaka ugumu wa katikati, naweza kuweka upande mmoja laini na mwingine mgumu, au gari itavuta? Pia linki zangu za sasa raba zimeanza kupasuka, nizitumie hivyo hivyo?

Bushi_na_Boli
Laini ni la mwisho kabisa wa mkono, kwa sababu wenzo ni mrefu. Kadiri unavyosogea kwenye pindo, wenzo unafupika na fimbo inakuwa ngumu. Anza na la mwisho.

Kuchanganya pande inaruhusiwa. Fimbo ni springi moja, ugumu wake wa jumla unafanya kazi sawa kona ya kulia na ya kushoto, kwa hiyo gari haivuti. Angalia tu linki isisimame kwa kuinama sana upande mmoja.

Linki badilisha sasa. Mzigo wanaoubeba unaongezeka, na raba iliyopasuka itaisha upesi. Linki zenye raba zikazwe mwisho gari ikiwa imekaa kwa uzito wake: shusha, rudisha gari nyuma ipande juu ya mbao nene mbili ili upate nafasi ya mkono, ndipo ukaze. Ukizikaza zikiwa zinaning'inia, raba inabaki imejisokota muda wote na inachanika. Ukinunua zenye kiungo cha tufe la chuma badala ya raba, pini inazunguka pamoja na nati. Ishike kwa spana nyembamba au ufunguo wa pembe sita huku ukikaza nati.

Lushoto_AWD
Ukishamaliza, hakikisha fimbo iko mbali na eksozi, mipira ya breki na ekseli, angalau upana wa kidole. Angalia gari ikiwa chini na tena ikiwa imening'inia, maana nafasi inabadilika.

Kaza upya baada ya km 100 hivi. Kuhusu kelele: mlio wa kusaga wakati wa kupanda tuta polepole ni bushi kavu, fungua uongeze grisi ileile ya poliyurethani. Kugonga mara moja kila upande unapobadilika ni linki iliyolegea. Kugonga kwa sauti nzito shimoni, kagua kama fimbo inagusa eksozi: utakuta alama inayong'aa mahali inapogusia.

Jaribio lianze uwanja mpana, kavu, kisha siku ya mvua kwa mwendo mdogo. Stabilaiza nene nyuma inahamishia mzigo zaidi kwenye tairi ya nyuma ya nje, ndiyo maana pua itaingia vizuri. Lakini kwenye lami yenye maji mkia unaweza kuondoka ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona. Tairi za nyuma zisiwe zimeisha kuliko za mbele. Ukihisi mkia mwepesi hata kwenye tundu laini, kagua upepo na kina cha tairi za nyuma kwanza, na usiguse lile tundu gumu.