Sosi ya tambi imebaki nyingi, naweza kuipaka kwenye pizza?

MamaWawili:
Habari za jioni wapendwa. Naombeni ushauri wa haraka, kesho mchana nina wageni.

Leo nimepika tambi na sosi ya nyanya. Nyanya sokoni zimeshuka bei, nikabeba sado mbili bila kufikiria, matokeo yake sufuria imebaki nusu. Ndani kuna vitunguu maji, vitunguu saumu, karoti ya kukwaruza, hoho, pilipili manga na mafuta ya kutosha. Haina nyama. Kesho anakuja wifi yangu na wanawe, na watoto wameshaahidiwa pizza. Unga ninao, hamira ninayo, jibini ipo.

Swali la kwanza: hii sosi naipaka hivihivi au naifanyaje? La pili ni kinyume chake: kabatini nina chupa ya sosi ya pizza, nililetewa zawadi. Siku nyingine naweza kuilia tambi?

Oveni yangu ni ile ya gesi iliyo chini ya jiko, moto unatoka chini tu.

MlaUgali:
Leo tambi, kesho pizza. Ugali umekukosea nini dada?

JikoniKwaShangazi:
Paka tu mwanangu. Nyanya ni nyanya. Mimi napika sufuria moja, nusu inakwenda kwenye tambi, nusu kwenye pizza, na wajukuu hawaachi hata kingo.

MpishiMalindi:
Dada, Shangazi namheshimu ila kwa hili usimfuate. Nimepika jikoni kwa Waitaliano hapa Malindi, na sosi hizi mbili hukaa vyombo mbalimbali. Si maringo. Ya tambi hupikwa ikaiva kabisa, kisha huachwa laini kidogo ili iteleze na kushika kila uzi. Ya pizza, kwa wale wa Napoli, haipikwi: nyanya za kopo zinapondwa kwa mkono, chumvi, basi. Inaivia hukohuko juu ya unga. Tanuri lao la kuni linafika karibu nyuzi 480, pizza inatoka baada ya sekunde 60 hadi 90, kwa hiyo nyanya inabaki na ule utamu wake wa ubichi.

Oveni ya nyumbani mara nyingi inaishia nyuzi 250 hivi. Pizza inakaa dakika kumi na zaidi, na muda wote huo maji ya sosi yanashuka kwenye unga. Nyanya mbichi ni maji kama asilimia 94, kumbuka. Ndiyo maana kingo zinakauka huku katikati pamebaki uji.

Lakini sosi yako usiimwage, inafaa kabisa. Isage kwanza kwa blenda, maana vipande vya hoho na karoti vinaficha maji na kuyatoa baadaye. Imimine kwenye kikaango kipana, moto wa wastani, usifunike. Koroga hadi ukipitisha mwiko katikati njia ibaki wazi, uone chuma cha kikaango kwa sekunde mbili tatu kabla sosi haijarudi. Halafu chota kijiko uweke kwenye kisahani, usubiri kidogo. Ukiona duara la maji limejitenga pembeni, rudisha motoni. Isipotoa maji, epua na uiache ipoe kabisa, kwa sababu sosi ya moto juu ya unga mbichi inaufanya unate.

Pizza ya upana wa sentimita 30 haitaki zaidi ya vijiko vinne vya mezani. Unatakiwa bado uuone unga kwa chini.

MlaUgali:
Kwani kuna sheria ya kupaka nyanya?

MpishiMalindi:
Napoli ipo, ndugu yangu. Wana chama tangu 1984 kinachosema nyanya gani, unga gani, moto kiasi gani. Lakini hiyo ni ya mwenye mgahawa anayetaka kibandiko chao mlangoni. Jikoni kwa MamaWawili sheria ni moja, unga uive.

BintiUnguja:
Mpishi amesema vizuri, naongeza la mafuta. Sosi ya tambi huwa na mafuta mengi kuliko pizza inavyohitaji, na jibini nayo inatoa yake, mwisho unakula pizza inayochuruzika hadi kwenye kiwiko. Iache sufuria itulie, mafuta yatapanda juu. Yachote kwa kijiko, usiyamwage. Yana rangi na ladha ya tungule na thomu, yapake kwenye unga kabla ya sosi. Mafuta hayo yanazuia unga usinyonye maji haraka.

Moto wa chini tu usikutishe. Kwa pizza ni afadhali kuliko moto wa juu tu. Trei iingie mwanzo, ishike moto, ndipo uweke unga. Jibini haitapata rangi nzuri juu, lakini chini itakauka inavyotakiwa.

Kama una mrihani nyumbani, chuma majani machache uyaweke pizza ikishatoka. Mrihani huuhuu tunaovaa nyweleni, naam. Ila usije ukakosea ukaweka kivumbasi, wageni watadhani umefukuza mbu.

MamaWawili:
Jamani asanteni sana! Nimeanza usiku huuhuu. Nimesaga, nimechota mafuta, imepungua hadi njia ya mwiko inaonekana. Tatizo sasa imekuwa na chumvi kali. Nilipoionja na tambi ilikuwa sawasawa.

MpishiMalindi:
Ni kawaida, maji yameondoka, chumvi imebaki palepale. Usiongeze maji, utarudi ulikotoka. Una kopo dogo la nyanya, lile la gramu 70? Hakikisha kwenye maandishi haina chumvi. Weka kijiko cha mafuta kwenye kikaango kingine, kaanga nyanya hiyo kwanza hadi iache wekundu wa kung'aa na kuelekea rangi ya tofali, ndipo uchanganye. Ukiitia mbichi italeta ule uchachu wa kopo. Na jibini ina chumvi yake, kwa hiyo unga wa kesho utie chumvi kidogo tu.

JikoniKwaShangazi:
Ukiona na uchachu umezidi, sukari nusu kijiko cha chai. Si zaidi.

KijanaWaGeto:
Naomba kuuliza humuhumu, samahani mwenye uzi. Sisi wa jiko la mkaa tunafanyaje? Nilijaribu moto juu na chini kwenye sufuria, ikatoka imelowa kuliko ilivyoingia.

JikoniKwaShangazi:
Hapo umefika kwangu kijana. Sufuria iliyofunikwa inafungia mvuke, mvuke unagonga mfuniko na kurudi kwenye pizza. Ukipaka sosi ya majimaji humo umejimaliza. Usianze na unga mbichi. Sukuma duara lako, ulikaushe upande mmoja kwenye kikaango bila mafuta hadi utoe madoa ya kahawia. Geuza. Upande ulioiva ndio unaopaka sosi, ile nzito kama alivyosema Mpishi, na jibini. Sufuria iwe imeshapata moto, weka pizza ndani, mkaa mwingi juu ya mfuniko, chini uache kidogo tu. Ukisikia harufu ya jibini, funua mara moja mvuke utoke, ufunike tena kwa muda mfupi. Usiiache ikasahaulika, chini inaungua huku unachati.

KijanaWaGeto:
Shangazi, hiyo ya kupaka upande ulioiva sikuwahi kuiwaza. Jumamosi naijaribu.

MamaWawili:
Na mimi swali langu la pili bado halijajibiwa 😅

BintiUnguja:
Chupa ya pizza kwa tambi ni rahisi kuliko ulivyofanya leo. Kulegeza ni kazi ndogo kuliko kukaza. Onja kwanza, kwa sababu za dukani nyingi zimeshatiwa chumvi, sukari na oregano. Oregano ikiwa nyingi tambi yote itanukia pizza, na hiyo huwezi kuitoa.

Kaanga kitunguu taratibu hadi kilainike, tia thomu, imimine sosi na uiache ichemke dakika kumi hivi. Tambi uzitoe zikiwa bado na ugumu kidogo, uzimalizie humo kwenye sosi, na huku unaongeza maji yaliyozichemshia, upawa mdogo mdogo. Maji hayo yana wanga, yanaifanya sosi ishike. Ukilegeza kwa maji ya bomba, sosi inabaki chini ya sahani na tambi juu zimejikalia nyeupe.

MpishiMalindi:
Naunga mkono, ila kitunguu kiwe kingi. Ile sosi ya chupa peke yake ni kali kwa sahani nzima ya tambi. Kwenye pizza inasaidiwa na jibini.

MamaWawili:
Nimewaelewa. Na hii iliyobaki leo ikizidi tena?

BintiUnguja:
Friji siku tatu, nne. Zaidi ya hapo igandishe. Igawe kwenye vifuko vidogo ukiwa umevilaza bapa, kila kifuko kitoshe pizza moja, uandike tarehe. Friza inaweza kuitunza hata miezi mitatu. Ikiyeyuka itatoa maji tena, irudishe kwenye kikaango dakika chache.

MlaUgali:
Na mimi nisiye na chochote ndani zaidi ya kechapu?

MpishiMalindi:
Kechapu ina siki na sukari, itakupa pizza tamutamu ya kuungua kingo. Ukikosa kabisa, changanya kijiko kimoja na kopo lako la nyanya, thomu na pilipili manga. Kwenye tambi usithubutu.

JikoniKwaShangazi:
Wajukuu wangu wanalia tambi kechapu kila Jumapili na wananenepa tu.