Vipindi vya sanaa vikatwe, hesabu iongezwe?

Rula: Naomba tujadili. Kipindi kimoja cha sanaa cha dakika 40 kwa wiki kinamsaidia nani? Kipewe hesabu. Udongo ni bure, watafinyanga nyumbani. Mwalimu wa sanaa kazi yake ni kuwalinda tu wasipigane.

Kigae: "Kuwalinda tu"? Umetukosea heshima, ndugu. Dakika 40 toa 10 za kugawa udongo, toa 15 za kufuta meza na kurudisha mabaki kwenye ndoo. Zimebaki 15! Tatizo ni ratiba. Tupeni vipindi viwili mfululizo. Na huo udongo wa bure lazima uchujwe mawe na ukandwe hewa itoke, la sivyo kazi ya mtoto inapasukia tanurini.

Mkono Mkavu: Kigae, kwenye ratiba niko nawe. Kwenye hewa hapana. Kinachopasua ni maji. Joto likipita nyuzi 100 yanageuka mvuke, na ukuta mnene wa chombo hauupi pa kutokea. Povu la hewa kwenye udongo mkavu halipasui kitu.

Kigae: Kwa hiyo watoto wasikande?

Mkono Mkavu: Wakande sana, udongo uwe laini sawasawa. Ila msiwaambie kosa ni lao wakati mwalimu ndiye aliyeharakisha kuwasha moto. Ukuta usizidi sentimita 1. Vikauke kivulini wiki nzima au zaidi, kisha tanuri likae chini ya nyuzi 100 saa kadhaa kabla ya kupandisha.

Rula: Wiki nzima kusubiri kikombe! Si ndiyo hoja yangu?

Kigae: Wiki hiyo haili kipindi chako, Rula, chombo kinakauka rafuni. Mkono, basi mikono ya vikombe inaachia kwa nini? Hapo hakuna moto bado.

Mkono Mkavu: Mkono ni mwembamba, unakauka na kusinyaa kabla ya kikombe. Kwaruzeni pande zote mbili, pakeni uji wa udongo, bandikeni vyote vikiwa na unyevu sawa, halafu funikeni kwa nailoni siku mbili.

Rula: Na mtajuaje kimekauka?

Mkono Mkavu: Kiguse kwa shavu. Kikiwa cha baridi kuliko meza kilipowekwa, ndani bado kuna maji.