Umri wa kugombea ni 21, binti amepungukiwa kidogo tu na kitongoji kinamtaka. Naomba ushauri wakuu

Mlima Zabibu (mleta mada):
Mbukwenyi wakuu. Mimi ni mkulima wa zabibu, mwenyeji wa Chamwino upande wa Mvumi, ila shughuli zangu nyingi zipo Dodoma mjini. Kuna jambo linaninyima usingizi, nimekuja kwenu kwa heshima.

Hivi kwa nini mtu wa miaka 18 aruhusiwe kupiga kura halafu asiruhusiwe kupigiwa mpaka afike 21? Kijijini kwetu kuna binti, kitongoji kizima kinamtaka awe mwenyekiti kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024. Amemaliza kidato cha sita, ana heshima, hesabu anazijua kuliko halmashauri yote ya kijiji. Amepungukiwa umri kidogo tu.

Mnaonaje, umri ushushwe? Na mtu akipungukiwa kidogo, kuna mahali anaweza kuomba afikiriwe?

Kibaigwa Gunia:
Umri siyo tatizo mkuu. Huku kwetu tuna mwenyekiti wa miaka 60 na ushee, mkutano wa kijiji ameitisha mara mbili tangu achaguliwe. Juzi nimebeba mahindi kupeleka sokoni, nikasimamishwa vizuizi viwili na kila kimoja kina kijana anashika kitabu cha stakabadhi. Nikamwuliza wa pili, hii fedha inakwenda wapi, akaniambia nimuulize wa kwanza. Tuanze na hilo kwanza ndipo tuzungumzie umri.

Mwalimu Mstaafu:
Mleta mada, umegusa jambo ninalolifundisha tangu nikiwa darasani. Salim Ahmed Salim aliteuliwa kuwa balozi wetu nchini Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Mwalimu Nyerere alizaliwa Aprili 1922, kwa hiyo siku tunapata uhuru Desemba 1961 alikuwa na miaka 39. Kwa Katiba ya sasa mtu wa umri huo haruhusiwi kugombea urais, mpaka afikishe 40. Waliojenga nchi hii walikuwa vijana. Sisi tuliobaki ndio tuliozeeka nayo.

Hata hivyo ninawasihi vijana wasidhani umri mdogo ni sifa peke yake. Nimefundisha miaka 34, nimewaona wa miaka 17 wenye busara na wa miaka 50 wasioweza kuongoza hata foleni ya kisimani.

Mtanzania Kitengela:
Mimi nipo Kenya mwaka wa tisa. Huku kwa upande wa umri kigezo ni kuwa mpiga kura aliyeandikishwa, basi. Ukifika 18 unagombea udiwani, unagombea ubunge. Mwaka 2017 kijana wa miaka 23, John Paul Mwirigi, alishinda ubunge wa Igembe Kusini kule Meru akiwa bado mwanafunzi wa chuo, tena mgombea binafsi. Hakuwa na gari, alitembea kwa miguu kwenye kampeni.

Uganda nako, mwaka 2012 Proscovia Alengot Oromait aliingia bungeni na miaka 19. Nigeria mwaka 2018 walishusha umri wa kugombea bunge la wawakilishi kutoka 30 hadi 25. Sisi bado tunajadili 21.

Nzuguni Fundi:
@Mtanzania Kitengela malizia hadithi. Huyo wa Uganda alikwenda kuziba kiti cha baba yake aliyefariki. Siyo kwamba binti wa mkulima alisimama tu. Na Mwirigi alipita kama mgombea binafsi, hapa kwetu huwezi, lazima chama kikudhamini. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema mwaka 2013, kwenye shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba kuzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Miaka 11 imepita. Mimi nasema mlango wa chama ni mwembamba kuliko mlango wa umri.

Karani wa Zamani:
Mnajibu swali ambalo hakuuliza. Mleta mada, "kidogo" ni kiasi gani? Siku, miezi, miaka? Andika tarehe yake ya kuzaliwa.

Mlima Zabibu:
Asanteni kwa michango. @Karani, binti kazaliwa Machi 14, 2004. Yaani siku ya kura atakuwa na miaka 20 na miezi minane. Miezi mitatu na nusu tu wakuu. Mtu kusubiri miaka mitano mpaka 2029 kwa ajili ya miezi mitatu na nusu, hiyo ni haki kweli?

Karani wa Zamani:
Sheria haina nusu. Kanuni za uchaguzi huu zinataka awe ametimiza 21, awe mkazi wa kitongoji, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na kipato halali, adhaminiwe na chama. Akipungukiwa wiki moja ni sawa na kupungukiwa miaka mitatu. Hakuna dirisha la kuomba kufikiriwa.

Sasa nikuulize. Hili jibu ungelipata kwa mtendaji wa kijiji chako bila kufungua uzi. Kuna kitu mmeshafanya?

Mama Tabia wa Makole:
Samahani mie nitasema kama mzazi. Binti wa miaka 20, kidato cha sita, kwa nini hayupo chuo? UDOM si hapo tu mnaiona? Uenyekiti wa kitongoji hauna mshahara wa maana, ni kuamka usiku kuamua kesi ya mbuzi kala mtama. Mwanangu alinijia na mambo hayo ya siasa nikamwambia soma kwanza, leo ni muuguzi na ananitumia hela kila mwezi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mpwapwa Juu:
Mama Tabia, nani kasema uongozi na kusoma havikai pamoja? Angekuwa mvulana ungemwambia kesi za mbuzi ni ngumu?

Mama Tabia wa Makole:
Ningemwambia vilevile. Mwanangu niliyemtaja ni wa kiume.

Mlima Zabibu:
Chuo alipata nafasi, fedha ndiyo ilikwama, tusiingie huko leo.

@Karani, naomba nisihukumiwe. Ndiyo, kuna kitu. Binti hakuwa na cheti cha kuzaliwa, wengi huko kijijini hawana. Mwezi wa nane nilikwenda kwa wakili nikala kiapo kwamba kazaliwa Machi 14, 2003. Tarehe na mwezi ni vilevile, mwaka tu ndio niliorudisha nyuma mmoja. Kura za maoni za chama akapita kwa hicho kiapo, akawaacha mbali wenzake wawili. Fomu za serikali zinatoka wikiendi hii.

Kabla hamjanishambulia, mzee anayekiongoza kitongoji ana miaka 15 pale. Pampu ya kisima imekufa mara tatu, kila mara tunachangishwa upya. Ningefanya nini? Mwaka mmoja hauui mtu. Nusu ya wazee wa kijiji wameandikiwa "mwaka wa njaa" kwenye vitambulisho na wanagombea kila siku.

Dereva wa Noah:
Kumbe umri unajazwa kama upepo wa tairi! Mjomba mimi niongezee mitano nistaafu mapema.

Karani wa Zamani:
Cheka tu lakini jambo ni zito. Mleta mada, sikiliza kwa utulivu.

Je, binti ana kitambulisho cha taifa cha NIDA, au hata namba tu? Kama anayo, itoe uisome. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Yake itaanza 20040314. Kiapo chako kinasema 2003. Mtu yeyote mwenye simu atakayeiona hiyo namba ameshamaliza kazi.

Pili, wiki iliyopita, Oktoba 11 hadi 20, tulikuwa tunaandikishwa kwenye daftari la wapiga kura la kitongoji. Aliulizwa umri. Alisema ngapi?

Tatu, cheti cha kidato cha nne kina mafaili yake shuleni.

Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na aliyekula kiapo ni wewe. Fomu ya ugombea atasaini yeye. Umeshaingia shimoni, sasa unamvuta binti.

Mlima Zabibu:
Alisema 20. Sikuwepo siku hiyo.

Ihumwa Relini:
Yaliyonikuta 2019 sitayasahau. Niligombea uenyekiti wa mtaa, umri 33, kila kitu halali. Nikaenguliwa kwa sababu kwenye kazi niliandika "mjasiriamali" na pingamizi likasema hiyo siyo kazi. Nilikata rufaa na karatasi zangu zimepangwa kwenye bahasha ya kaki, nikakaa kwenye benchi kuanzia saa 2 asubuhi mpaka ofisi inafungwa. Bahasha ile ninayo mpaka leo. Kama mtu halali aliondolewa kwa neno moja, huyo wa kiapo cha uongo atapona wapi?

Jicho la Bahi:
Wakuu amkeni. Hii ni chai, kisa cha kutunga.

Akaunti imefunguliwa juzi. Mtu anakiri kosa la jinai hadharani, wiki ya kuchukua fomu, akitaja mpaka upande wa Mvumi na mwezi aliokwenda kwa wakili? Hakuna mtu wa hivyo. Nionavyo, huyu ni mtu wa mwenyekiti aliyepo. Anataka tumwandikie hoja za pingamizi bure, na Karani ameshampa tatu zimepangwa vizuri kabisa.

Nzuguni Fundi:
Duh. Mimi nilidhani ni wale wa miradi wanaokusanya maoni ya vijana. Ila hii ya Jicho inaingia akilini.

Mtanzania Kitengela:
Kama ni chai imekolea tangawizi. Mleta mada thibitisha.

Mwalimu Mstaafu:
Hata kama kisa kimetungwa, swali la umri ni la kweli. Anayehukumiwa mahakamani kama mtu mzima akiwa na 18...

Jicho la Bahi:
Mwalimu, tutarudi huko. Kwanza mleta mada ajibu.

Mlima Zabibu:
Nimesoma, mikono inatetemeka. Siwezi kutaja jina la kitongoji wala la binti, mtanisamehe. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Hilo sikulisema mwanzo.

Nitawaeleza kitu kimoja nilichokishika kwa mkono wangu. Ana daftari la kurasa 96, jalada la kijani limeshonwa kwa uzi wa gunia. Mwezi wa sita alikaa kisimani siku saba kuanzia alfajiri mpaka jioni, akiandika kila dumu la lita 20 linalotoka. Dumu moja ni shilingi 50. Jumatano yake imeandikwa madumu 227, shilingi 11,350. Mkutano wa kitongoji ulipokuja, taarifa ikasomwa kwamba kwa siku inapatikana wastani wa 6,000. Alinyanyuka na daftari akasoma ukurasa mmoja mmoja, siku zote saba. Hakumtaja mtu. Kina mama wakaanza kupiga vigelegele, mzee akafunga mkutano kwa madai kwamba mvua inakuja. Mwezi wa sita, Chamwino!

Siku hiyo ndipo watu walipoanza kumwita mwenyekiti. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua. Zabibu za msimu huu nimeuza, nikalipa wakili.

Mpwapwa Juu:
Mvua ya mwezi wa sita nimeiamini kuliko kitu chochote kwenye uzi huu.

Jicho la Bahi:
Sijasema sikubali kabisa. Lakini jibu hili moja: binti mwenyewe anasemaje kuhusu hicho kiapo?

Mlima Zabibu:
Hajui.

Anajua nilikwenda kufuatilia cheti. Karatasi niliipeleka mwenyewe ofisi ya chama.

Mama Tabia wa Makole:
Ee Mungu wangu. Mjomba! Mtoto aliyesimama mbele ya kijiji kwa sababu hesabu hazikulingana, wewe umemwekea mwaka usiolingana mfukoni bila yeye kujua. Siku watakapoubandika ukutani, lile daftari la kijani nani ataliamini tena? Mpigie simu. Sasa hivi.

Karani wa Zamani:
Mama amesema. Nami niongeze la kumsaidia. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Pale hahitaji 21. Ana haki ya kudai taarifa ya mapato na matumizi isomwe kila baada ya miezi mitatu, na mwenyekiti awe wa miaka 60 au 80 lazima ajibu. Kuna pia chombo cha watumia maji chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, aulize kinachaguliwaje hapo kwenu. Huko ndiko fedha ya dumu inakopita.

Kiapo kirudishe kwa wakili aliyekiandaa, mwambie ukweli, na chama kijulishwe kabla ya fomu. Kuna mtu wa pili kwenye kura za maoni, apite huyo.

Mlima Zabibu:
Na yule wa pili akiwa ni mtu wa mzee?

Karani wa Zamani:
Basi binti ataendelea kuandika madumu.

Kibaigwa Gunia:
Na mimi namuunga mkono binti. Akimaliza huko aje avizie kwenye vile vizuizi vya mahindi.

Mlima Zabibu:
Nimerudi wakuu. Nimempigia, simu imechukua dakika 40. Nilipomaliza kueleza alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Akasema, "Mjomba, kile kiapo niletee nikisome." Hakunigombeza, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Kisha akaniuliza kama nimebakiwa na hela yoyote ya zabibu, maana pampu imesimama tena tangu juzi na fundi wa kijiji anasema ni mota.

Kesho napanda gari la alfajiri. Ofisi ya chama nitakwenda naye, kasema hataki niende peke yangu. Kuhusu umri bado nasimama nilipo: 18 inatosha, na Katiba ikifunguliwa tena nitakuwa wa kwanza kwenye foleni ya kutoa maoni.

Nzuguni Fundi:
Hiyo pampu ni ya sola au ya jenereta? Kama ni sola msiifungue mota kwanza, mara nyingi ni kile kiboksi cha kuongozea umeme kimeungua. Piga picha ya kibandiko chake ukifika, nitumie kwenye ujumbe wa faragha.