Inaccessible Pinnacle, Skye: aliyewahi kupanda na kiongozi anisaidie

MamaTanga_Glasgow
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni muuguzi hapa Glasgow, miaka 47. Wenzangu wa wodini wamenichangia zawadi: siku moja na kiongozi wa milima kule kisiwa cha Skye, Scotland, kupanda Inaccessible Pinnacle, jiwe la kilele juu ya mlima Sgùrr Dearg. Nikapokea kwa vigelegele, maana Uhuru nilifika mwaka 2016 na huu una mita 986 tu. Jana ndiyo nimeona picha. Jamani, jiwe limesimama kama upanga! Kamba sijawahi kushika maishani. Nikikwama katikati inakuwaje? Na magoti yangu siku hizi yanalia.

Mzigua wa Inverness
Dada, Kilimanjaro iweke pembeni. Kule ulitembea, na mzigo wakabeba wagumu. Huku begi ni lako, kuanzia bonde la Glen Brittle karibu kabisa na bahari, na juu huko kuna kokoto: unapanda hatua mbili, zinakurudisha moja. Magoti yatalilia hapo, siyo kwenye jiwe. Beba fimbo.

Jiwe lenyewe mnapandia ukingo wa mashariki, ule waliouanza ndugu wawili, Charles na Lawrence Pilkington, mwaka 1880. Kwa wapandaji ni daraja la chini, pa kushika pamejaa. Taabu iko machoni: kushoto hakuna kitu, kulia hakuna kitu. Gabro, yaani mwamba wa kule, inakwaruza kama mbuzi ya nazi, kiatu kinang'ang'ania vizuri, ila katikati imepita mishipa ya basalti, mwamba laini usoni, na hiyo ikilowa ni sabuni. Kiongozi hutangulia, anajifunga mahali imara, ndipo anakuita huku anavuta kamba.

Mimi nilikwama. Goti la kushoto likaanza kucheza lenyewe, nikaliwekea kiganja kama unavyomtuliza mtoto aliyeshtuka usingizini. Kiongozi wetu, mama wa makamo, wala hakupaza sauti. "Tazama mguu wako. Haya, na ule mwingine." Kuna kipande nilikipita nimekaa kama niliyepanda punda. Hakuna aliyepiga picha, alhamdulillahi.

Kileleni usiwahi kushangilia. Mnashukia upande wa magharibi kwa kamba, mita kama 20, na kuanza lazima ulalie hewa kwa mgongo. Mwili ulikataa katakata. Nilifumba macho, usiige.

Halafu muulize cheti. Mwenye cheti cha Mountain Leader anaongoza matembezi, kazi ya kamba ya kupangwa haimo. Tafuta mwenye MCI (cheti cha mkufunzi wa milima na kupanda miamba) au British Mountain Guide, kiongozi wa milima aliyehitimu. Na mwenyeji si anasa: Cuillin, milima hiyo ya Skye, mawe yake yana sumaku, ukungu ukishuka dira inakudanganya.

Kamau_Dundee
Kwa sisi wa Mlima Kenya ni hivi: Lenana unatembea, Nelion bila kamba huendi. Sasa kati ya Munro zote 282, yaani vilele vya Scotland vinavyozidi futi 3,000, hii ndiyo Nelion yao. Hata Sir Hugh Munro mwenyewe, aliyeandika hiyo orodha, hakuwahi kuipanda. Ukirudia chini ya jiwe, nani atakucheka?

MamaTanga_Glasgow
Kamau umenipoza moyo. Kaka Mzigua, mbona hapo kwenye kushuka kwa mgongo nimesoma mara tatu! Tumepangiwa mwisho wa Juni. Mvua ikinyesha je?

Mzigua wa Inverness
Safari yangu ya kwanza iliishia Coire Lagan, bonde lililo chini ya kilele, upepo ukatugeuza, na pesa haikurudi. Waambie hao wenzako wasome masharti mapema. Ila mwisho wa Juni mimi ningeogopa siku isiyo na upepo. Visubi, dada. Upepo ukitulia tu wanakuingia mpaka masikioni, na wewe mikono yote miwili imeshika kamba. Nunua wavu wa kichwa, mweusi, maana mweupe huoni mbele. Na mimi nilidhani visubi nimewaacha Korogwe.