Frankenstein ni nani hasa? Nisaidieni kabla ya fainali ya Jumamosi

Mwl_Majengo (Moshi)
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kila Jumamosi jioni nawaendeshea vijana wa kidato cha pili na cha tatu chemsha bongo hapa Majengo. Wiki iliyopita niliuliza Frankenstein ni nani. Kundi la kwanza likajibu ni lile zimwi lililoungwaungwa kwa viungo vya maiti. La pili likasema ni kijana aliyeliunda, alama nikawapa hao. Mzazi mmoja akasimama: wote wamekosa, Frankenstein ni daktari, amemwona kwenye sinema. Watoto wakaduwaa, nami nikakosa pa kushika, maana kitabu nilikisoma zamani chuoni, tena cha kuazima. Je, nilitenda haki? Na nipeni swali moja gumu kuhusu Mary Shelley, mwandishi wa kitabu hicho. Sitaki la kukariri tarehe, nataka walale wakiliwaza.

Mangi_Kibosho
Mwalimu, ulitenda haki. Victor Frankenstein ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha Ingolstadt, Ujerumani. Udaktari kapewa na sinema. Kile kiumbe hakina jina mwanzo hadi mwisho. Hadithi ilipochezwa jukwaani London mwaka 1823, kwenye orodha ya wahusika waliweka mstari mtupu pale palipotakiwa jina lake, na Mary alipouona ulimpendeza.

Waulize hivi: ni mlima gani uliosaidia kukizaa kitabu hiki? Ni Tambora, Indonesia. Ulilipuka Aprili 1815, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa kiangazi. Mary alikuwa Uswisi, kando ya ziwa Geneva, pamoja na washairi wawili, Percy Shelley aliyekuja kuwa mumewe, na Lord Byron. Mvua haikatiki, wamejifungia ndani, Byron akasema kila mtu atunge hadithi ya kutisha. Binti ana miaka 18. Sisi wa Kibosho, mwezi wa saba ukungu ukishuka hadi migombani na mlima usionekane siku nne, tunajua watu wakizunguka moto hadithi zinaelekea wapi. Bibi yangu hakuwahi kutusimulia mazimwi mchana wa jua.

Mkunga_Ngaramtoni
Mangi umesema vema, na sisi wa chini ya Meru tusisahau kwamba wetu ulilipuka mara ya mwisho 1910. Lakini mimi nimefanya kazi wodi ya watoto njiti miaka mingi, na naona kuna jambo lililotangulia mlima. Februari 1815 Mary alijifungua binti kabla ya miezi kutimia. Mtoto hakumaliza majuma mawili. Machi hiyohiyo akaandika kwenye shajara yake kwamba ameota mtoto amefufuka, kumbe alikuwa amepoa tu, wakamsugua mbele ya moto akawa hai. Ndoto hiyo nimesimuliwa na akina mama wodini, na hawajapata kusikia jina la Mary Shelley. Naye mwenyewe hakumjua mama yake: Mary Wollstonecraft alifariki siku 11 baada ya kumzaa, kwa homa ya uzazi. Kwa hiyo nikifika pale kijana anapolipa uhai lile jimwili kisha analikimbia usiku uleule, huwa nafunga kitabu kwanza.

Mwl_Majengo (Moshi)
Asanteni sana. Mama mkunga, jibu lako nimelisoma mara tatu, kisha nikakitafuta kitabu. Nilikuwa nimesahau kwamba kile kiumbe kinajifunza kusema kwa kuichungulia familia maskini kwenye ufa wa ukuta, na usiku kinawaletea kuni bila wao kujua nani kaleta.

La Tambora ndilo la fainali. La njiti sitaliwekea alama. Matokeo yakishatangazwa nitawaketisha wote niwasimulie taratibu. Yule mzazi nimempigia simu, atakuja.